Masizi ya Gertruda

Kisanduku nilikiunda kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye jeneza la mzee mmoja wa kijiji cha Kihagara. Mansuetus hakupenda nilipomwambia. Alisema chombo cha kupimia uhai hakifai kutoka kwenye mbao za mfu. Nikamjibu kwamba siku hizi mbao nyingine sina. Tangu wakubwa walipotangaza kwamba kila mgonjwa achangie gharama, watu wa ufukwe huu wameacha kununua vitanda. Jeneza halina ubishi, litanunuliwa tu.

Huyu Mansuetus alikuwa mtu wa maabara katika hospitali yetu ndogo ya ufukweni, Mmatengo wa Matiri, aliyeteremkia huku ziwani kwa ajili ya kazi kama mimi na mke wangu tulivyoteremka kutoka Maguu. Mashine yake ya kupimia wingi wa damu ilikuwa imekufa. Ilitaka taa ya kutoka Ulaya, na kila alipoiomba aliambiwa fungu hakuna. Magari ya wakubwa yalikuwa na fungu. Semina zilikuwa na fungu. Basi ikabaki njia ya zamani: unamvuta mgonjwa kope la chini, unatazama, unakisia. Nesi wa asubuhi anaona nyekundu, nesi wa jioni anaona nyeupe, na mama mjamzito aliye katikati yao anakwenda kujifungua hajui kama ana damu ya kumwaga au hana.

Mansuetus akaamua kuunda mashine ya kimaskini. Alinieleza karakanani kwangu, akichora kwa kidole kwenye vumbi la mbao. Unachukua tone la damu, unalichanganya na maji yenye amonia, ile dawa inayochoma pua, ndani ya kichupa kitupu cha penisilini. Upande mmoja unawasha balbu ya tochi. Mwanga unapita kwenye kipande cha chupa ya kijani ya soda, unaingia kwenye damu, na upande wa pili unapokewa na kipimamwanga cha kamera ya zamani aliyoiacha bruda mmoja Mjerumani, kile chenye mshale unaochezacheza. Damu nzito inaumeza mwanga, mshale unabaki chini. Damu nyepesi inauachia, mshale unapanda. Ni hayo tu. Hapakuwa na kitu cha kuagiza ng'ambo wala cha kuombea fungu.

Kilichotusumbua ni ndani ya kisanduku. Mninga ukipigwa randa unang'aa, na mwanga ulikuwa unagonga kuta, unakizunguka kichupa na kufika kwenye kipimamwanga bila kupita kwenye damu hata kidogo. Mshale ukawa unapanda kwa kila mtu. Tulijaribu kiwi ya viatu, ikang'aa kuliko mbao. Tulijaribu kitambaa cheusi cha mitumba, kikamwaga nyuzi kila mahali. Siku moja Mansuetus alikuwa anakula kwetu, ugali na usipa, vile vidagaa vya ziwani, lakini macho yake hayakuwa kwenye chakula, yalikuwa kwenye tako la sufuria. Akamwuliza mke wangu masizi yale yanashikaje hivyo.

Gertruda alimcheka. "Mdogo wangu, umesomeshwa mpaka Dar es Salaam, umerudi huku kuulizia masizi?"

Lakini alimtengenezea. Alikwangua sufuria, akayasaga masizi, akayakoroga na uji mwepesi wa ulezi ili yashike, akapaka ndani ya kisanduku kwa unyoya wa kuku, akaanika juani, akapaka tena. Ukichungulia ndani ulikuwa huoni kuta. Ulikuwa unaona giza tupu kama la shimo la choo, na Mansuetus alipoliona alishika kichwa kwa furaha.

Baadaye tulipanda naye milimani, kwenye hospitali ya misheni ambako mashine nzima ilikuwepo, tukalinganisha. Damu ya mgonjwa mmoja inapimwa kule, inapimwa na kwetu. Palipo na mpaka wa damu nyepesi Mansuetus alipaka mstari mwekundu kwa rangi ya kucha. Kisha akatafuta damu nzuri ya kuwekea alama ya chini, na damu nzuri iliyokuwa karibu ilikuwa yangu. Sista wa pale alisema mtu mwenye damu ile anaweza kutoa na kesho yake akalima ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo ya mlimani. Mansuetus akakwaruza kioo cha mshale kwa ncha ya sindano, akaniambia nitazame, alama ile ndiyo mimi. Gertruda alipoelezwa alisema sasa nimekuwa kama jiwe la mizani ya duka.

Kisanduku kilifanya kazi masika yote. Mama mwenye damu nyepesi alijulikana mapema, akapelekwa Mbinga mjini kabla ya siku zake. Sikusikia mkubwa yeyote akiuliza kimetoka wapi. Kitu kikiwa kinafanya kazi bila kelele, wakubwa hawana habari nacho.

Kisha wakatuletea Daktari Praygod kutoka kaskazini. Alikuwa mtu mrefu, msafi, anayejifuta mikono kwa leso hata kama hajashika kitu. Mkewe, Loveth, alifungua duka la dawa nje ya lango la hospitali, maana ulikuwa ndio wakati wa soko huria na kila mtu aliruhusiwa kuuza anachoweza. Dawa zilizokuwa zimekwisha ndani ya lango zilipatikana nje ya lango. Mimi sisemi zilikuwa zile zile. Nasema zilipatikana.

Ikaja habari kwamba mgeni rasmi anateremka kutoka mkoani, na kwamba amesikia kuna kisanduku. Hapo Daktari Praygod ndipo alipokumbuka kwamba ana maabara.

Kila mtu wa nchi hii anajua kinachotokea mgeni rasmi akitajwa. Mawe ya kando ya njia yakapakwa chokaa. Mashina ya miti yakapakwa chokaa. Mlingoti wa bendera ukapakwa, ngazi zikapakwa, vitanda vya wodini vikapigwa rangi nyeupe ya mafuta wagonjwa wakiwa wamelazwa sakafuni. Mlinzi alikuwa na mbuzi wake, akamfunga mbali kidogo kwa tahadhari.

Mimi siku hizo nilikuwa nimepanda Maguu kutafuta mbao. Niliporudi nilimkuta Gertruda ameketi mlangoni, tumbo la mimba limeshakuwa kubwa, vidole vya mikono yake vimechubuka na vimepakwa mafuta ya mawese. Nilimwuliza, akanieleza huku akicheka kwa namna yake ya kucheka akiwa amechukia.

Daktari Praygod alikuwa amefungua kisanduku, akapitisha kidole ndani, kidole kikatoka cheusi. Akauliza ni nani aliyeleta uchafu huu kwenye chombo cha hospitali. Mansuetus alitazama sakafu, kisha akasema ni mke wa fundi. Hakusema kwa nini. Hakusema ni yeye aliyeomba. Akasema ni mke wa fundi, basi. Wakatuma mtu kumwita. Wakampa mchanga na sabuni ya kipande, akapigishwa magoti pale barazani, mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye foleni, na Daktari akasimama juu yake na leso yake mkononi.

"Hapa ni hospitali, mama, si jikoni kwako," alimwambia. "Sugua mpaka nione sura yangu."

"Nimesugua mpaka ameiona," Gertruda aliniambia. "Ni mbaya."

Alipomaliza, kibarua wa kupaka mawe aliitwa na kopo la rangi ya vitanda, akapaka kisanduku nje na ndani, nyeupe, inayong'aa kama sahani mpya.

Nilikwenda kwa Mansuetus jioni ile ile. Nilimkuta anakiwasha na kukizima. Alikuwa ameisogeza balbu nyuma kidogo mpaka maji matupu yasome pale yalipokuwa yakisoma zamani, na alijaribu kuniambia kwamba basi kimekaa sawa. Nilimwuliza kama na damu nayo imekaa sawa. Aliniomba nisubiri mgeni apite, halafu atakipaka upya mwenyewe kwa mkono wake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba serikali inapunguza wafanyakazi, kwamba majina yanatoka kwa mkubwa wa kila kituo, na kwamba ana mama mgonjwa Matiri. Nilimwelewa. Kila mtu ana mama mahali fulani. Ndiyo maana hawa wakubwa hawahitaji bunduki.

Mgeni rasmi alifika akiwa na msafara na vumbi. Akina mama walicheza, watoto wa shule waliimba. Daktari Praygod alimwingiza maabara, akamfungulia kisanduku, mgeni akainama akachungulia ndani, akasema safi, kinang'aa, huu ndio ubunifu tunaoutaka katika zama hizi za kujitegemea bila kumtegemea mfadhili. Nje alikuwa amekuja na magari mawili ya mfadhili. Akakata utepe. Kwenye hotuba alimtaja Daktari Praygod kuwa mbunifu, na Daktari aliinamisha kichwa kama mtu anayeona haya. Mansuetus alipiga makofi pamoja na wengine. Mimi nilisimama nyuma na watu wa soda.

Mgeni alipoondoka, Daktari alichukua lakiri nyekundu, ile wanayoyeyusha kwenye bahasha za siri, akaidondosha kwenye kifuniko na kugonga mhuri wa ofisi. Akatangaza kwamba chombo kimeshazinduliwa, na atakayekifungua ajue anafungua kitu cha mkoa. Kichupa kingeingizwa kwa tundu la juu tu. Basi ahadi ya Mansuetus ya kupaka upya ikafungiwa humo ndani pamoja na weupe.

Kuanzia hapo damu ya watu wa ufukwe huu ikawa nyepesi. Wavuvi wanaovuta kokoro alfajiri mpaka jua linachoma, damu nyepesi. Wanawake wanaotwanga mihogo, damu nyepesi. Mwalimu, katekista, mlinzi na huenda hata mbuzi wake. Mshale ulipanda kwa kila mtu kama ulivyopanda siku zile kabla ya masizi, na kila mtu aliandikiwa vidonge vya kuongeza damu, na vidonge hivyo havikuwepo dirishani, vilikuwepo kwa Loveth. Watu walifanya utani kwamba mgeni rasmi alipokata utepe alikata na mishipa. Daktari Praygod alipeleka taarifa juu kwamba amegundua upungufu mkubwa wa damu katika eneo lake, na nasikia kule juu walifurahi. Wakubwa hupenda tatizo ambalo limegunduliwa na mkubwa mwenzao.

Nilimwuliza Mansuetus tena. Alisema anasubiri Daktari aende likizo.

Gertruda alishikwa na uchungu siku ya gulio, kabla ya saa sita mchana. Mtoto alikuja vizuri, wa kike, akalia kwa nguvu mpaka nikamsikia nje. Halafu nesi akatoka, akarudi ndani, akatoka tena akikimbia. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka vipandevipande na damu ilikuwa haikatiki. Daktari aliingia, akakaa humo, na kwa hilo sitamsingizia, alifanya kazi ya mikono yake, na damu ikapungua kutoka. Lakini iliyokwisha kutoka ilikuwa sakafuni. Alisema sasa huyu anahitaji damu ya mtu, tena mapema, la sivyo hafiki jioni. Niliuliza gari la kumpeleka Mbinga. Gari la hospitali lilikuwa limekwenda Songea. Nesi alitazama pembeni aliposema hivyo, na kila mtu pale alijua kwamba likirudi litashusha makatoni ya dawa mlangoni kwa Loveth.

Sikuvunjika moyo bado. Siku ya gulio watu wa milimani huteremka na maharage na mahindi kubadilisha na usipa, na Pankras, kaka yake Gertruda, alikuwa pale sokoni na watu wake wa Maguu. Nilipiga kelele tu kutoka kwenye uzio wakaja, wameacha magunia wazi. Wanaume wenye shingo kama magogo. Walipanga mstari nje ya maabara wakikunja mikono ya mashati, wakitaniana nani ataanguka akiona sindano. Kwetu ukimtolea mtu damu mmekuwa ndugu mara ya pili, na walikuwa wanagombania nani awe wa kwanza. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Nilisema mke wangu amepona.

Makundi ya damu yalipimwa kwanza, kwa matone na dawa kwenye kigae cheupe, na wengi wetu tulipatana naye, mimi nikiwa mmoja wao. Kisha kikaja kisanduku.

Pankras aliingia wa kwanza. Mansuetus alichukua tone, akachanganya, akatikisa, akaingiza kichupa kwenye tundu. Mshale ukapanda ukapita mstari mwekundu. Mansuetus akasema, kwa sauti isiyosikika vizuri, kwamba damu haitoshi.

Nje walicheka. Pankras naye alicheka. "Nimebeba gunia la maharage begani asubuhi hii," alisema. "Kumbe nilikuwa nimelibeba kwa roho mtakatifu."

Akaingia wa pili, mshale ukapanda. Wa tatu, ukapanda. Kicheko kilipungua taratibu, mpaka ikawa anayetoka anapita bila kutazamwa. Mtu anatoka mlangoni ameshika pamba kidoleni, anatikisa kichwa, anayefuata anaingia. Nilikuwa nasikia mtoto wangu akilia wodini na simsikii mama yake.

Nikaingia mimi. Nilimtazama Mansuetus usoni wakati ananichoma kidole, hakuniangalia. Kichupa kikaingia. Mshale ukapita alama iliyokwaruzwa, ukapita mstari mwekundu, ukaenda zake.

Daktari Praygod alikuwa amesimama mlangoni, aproni yake ina damu ya mke wangu.

"Daktari," nilimwambia, "hiyo alama ya chini ni damu yangu. Ilipimwa misheni. Kisanduku hiki kimewekewa kipimo kwa damu yangu mimi."

"Basi imepungua. Umezeeka."

"Ni ile rangi nyeupe ya ndani. Mwanga unazunguka. Fungua nipake masizi, ni kazi ya muda mfupi, jua lipo."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mlevi kanisani. Alisema chombo kilichozinduliwa na mkoa hakiwezi kufunguliwa na fundi wa majeneza ili kipakwe uchafu wa jikoni. Alisema mimi nina haraka ya kuuza jeneza la pili na la tatu, maana akichukua damu kwa watu wasio na damu ataua na wao, na nani atajibu. Na ubaya wake ni kwamba mtu asiyejua angesikia maneno yale angesema Daktari ana akili. Aliyasema vizuri, kwa utulivu. Nafikiri hata yeye alikuwa anayaamini, maana tangu wapake weupe ule hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Nilimgeukia Mansuetus. Alikuwa ameshika kile kichupa chenye damu yangu, anakizungusha kwenye vidole.

"Mansuetus, mwambie."

Alikitua kichupa mezani. Daktari naye alimngoja.

"Chombo kimesoma hivyo, fundi," alisema.

Nilirukia kile kifuniko. Mlinzi na kibarua wa chokaa walinikamata kabla mkono haujafika, na Daktari akasema nikikigusa nitalala mahabusu, mke wangu atazikwa na watu wengine. Alisema hivyo, atazikwa, na yule mwanamke alikuwa bado anapumua ng'ambo ya ukuta. Pankras aliingia kwa nguvu, akaweka mkono wake mezani, umejaa mishipa kama mizizi, akasema toeni hapa, kama nikifa nimekufa mwenyewe, nitaweka dole gumba mbele ya mashahidi. Daktari akamwambia kwa upole aende dukani akanunue vidonge, arudi baada ya mwezi.

Dukani kwa Loveth, siku ile, watu wawili wa Maguu walinunua vidonge kweli. Walidhani wakivimeza vyote pale pale vitafanya kazi kabla ya jioni. Walisimama juani, wameegemea ukuta mweupe, wanatafuna vidonge vya chuma, midomo imekuwa myeusi, wanasubiri damu yao iongezeke ili wampe dada yao. Ni jambo la kuchekesha ukilisikia. Wakati ule hakuna aliyecheka.

Waliniruhusu kuingia wodini. Kitanda kilikuwa kile cha rangi mpya, bado kinanuka. Gertruda alikuwa ameshakuwa na rangi ya majivu, midomo mikavu, anapumua juu juu kama mtu aliyepanda mlima wa Maguu na mtungi. Nesi alimvuta kope la chini ili atazame, kwa ile njia ya zamani, halafu akaliachia haraka. Alikuwa ametumwa pia achukue tone la damu kidoleni, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, apimwe kwenye kisanduku. Mshale ulipanda mpaka mwisho ukagonga. Katika watu wote waliopimwa siku ile, ni yeye peke yake ambaye kisanduku kilimsema kweli.

Gertruda aliniuliza kama watu wa Maguu wamefika. Nikamwambia wamefika wote. Akaniuliza mbona hawaingii. Nikasema wanakunja mashati.

Alikufa kabla gari halijarudi kutoka Songea. Lilirudi jioni na makatoni.

Jeneza nilitengeneza mwenyewe, Pankras akinishikia mbao. Siku ya maziko mlinzi wa hospitali alikuja na rambirambi kutoka kwa Daktari Praygod: kopo la ile rangi nyeupe ya mafuta, lililobaki nusu. Aliagizwa aniambie kwamba hospitali imeguswa, na kwamba Daktari amefikiria nitahitaji kitu cha kupakia jeneza. Mlinzi alilitua chini akaondoka bila kuaga, nadhani hata yeye aliona aibu. Jeneza lilizikwa na mbao zake kavu, bila rangi. Kopo nililiacha pale pale mlangoni mwa jiko. Mtoto alichukuliwa na Natalia, mke wa Pankras, akapandishwa Maguu.

Daktari Praygod hakukaa muda mrefu. Taarifa yake ya upungufu wa damu ilimpandisha, akahamishiwa mkoani, kwenye ofisi yenye zulia. Walimfanyia sherehe ya kumuaga. Loveth aliuza duka kwa mtu mwingine, na watu wa ufukweni wakaanza kunong'ona kwamba sasa damu itarudi.

Wiki ile ile Mansuetus alikuja nyumbani. Sikuwa nimemwona tangu msiba, matangani hakukanyaga. Nilikuwa nimeketi jikoni kwa Gertruda, mahali ambapo nilikuwa sikai zamani. Alisimama nje na kikopo kitupu cha maziwa ya unga mkononi.

"Shikamoo, fundi."

Sikuitikia. Akazungumza hata hivyo. Alisema ameshaivunja ile lakiri. Alisema amekwangua rangi yote nyeupe kwa wembe, usiku na mchana, na kwamba mbao zimebaki kama tulivyozikuta. Alisema hajawahi kulala vizuri. Alisema kuna mama wa Kihagara yuko miezi ya mwisho, na anataka kumpima sawasawa. Halafu macho yake yakaenda pale nilipojua yataenda, kwenye tako la sufuria. Ilikuwa imekaa hivyo hivyo tangu asubuhi ile ya gulio, hakuna aliyeigusa, masizi yake yamekuwa mazito.

"Naomba kidogo tu," alisema. "Na ukiweza, uje nikutoe tone moja. Nataka nione kama mshale utarudi kwenye alama yako."

Nilimwuliza kama Daktari Praygod ameondoka kweli. Akasema ameondoka. Nilimwuliza kama jina lake limepona kwenye upunguzaji. Akasema limepona. Nikasema vizuri.

Niliinuka nikachukua sufuria ya mke wangu, nikaichukulia na mchanga, na kipande cha sabuni kilichokuwa dirishani. Nikatoka nayo nje kwenye jua, nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kusugua. Mansuetus alielewa kabla sijafika nusu. Aliniambia fundi, usifanye hivyo. Aliniambia siyo kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya yule mama. Aliniambia masizi yapo kila jiko.

"Basi nenda kila jiko," nilimwambia.

Hakwenda. Maji meusi yalishuka yakafika kwenye viatu vyake, naye akayaangalia tu. Mikono yangu ilichubuka pale pale mikono ya Gertruda ilipochubuka. Nilisugua mpaka bati likatoka jeupe, likatoa mwanga machoni, na ndani yake nikaiona sura yangu. Nikaigeuza ili na yeye aione ya kwake.

Kisha nikamwonyesha lile kopo la rangi mlangoni, nikamwambia kama anataka cha kupaka, kipo hicho, akichukue, kimebaki nusu.

Alisimama muda mrefu na kikopo chake. Alipoondoka alipita njia ya kuelekea nyumba za jirani, na nikamsikia, mlango kwa mlango, akipiga hodi.